Malindi ya Unguja na Swali la Aliye Mbali na Kwao

Mwezi uliopita nilivuka bahari kutoka Mkoani, Pemba, kwenda Unguja, pamoja na ndugu yangu mdogo ambaye kwa miaka thelathini na zaidi makazi yake ni Uingereza. Nilikwenda kwa kumridhi yeye tu. Walakin nimerudi na jambo ambalo naona si haki kulificha, kwani nyumba nyingi za kwetu zina mtu aliye ng'ambo, na khabari yetu huenda ikawa ndiyo yao.

Meli ilifunga gati Malindi. Mwenye kushuka pale hupokewa kwanza na harufu ya bahari na ya samaki mkavu, kisha akitoka langoni huiona ile nyumba kongwe iliyokuwa ya dawa, yenye roshani za mbao zilizochongwa kwa ustadi. Akiingia mitaani hukutana na vichochoro vyembamba, na msikiti wenye mnara mnene chini na mwembamba juu, ambao waliousimamisha wameshasahauliwa na wengi, nao ungali umesimama.

Ndugu yangu akasimama katikati ya njia akaniambia, "Kaka, mitaa hii ndiyo aliyokulia Abdulrazak Gurnah."

Jina hilo nalijua. Alizaliwa Unguja mwaka 1948, na mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi ya mwezi wa Januari 1964, alitoka akaenda Uingereza angali kijana. Akasoma, akawa mwalimu wa chuo kikuu katika mji wa Canterbury, akatunga vitabu vya hadithi kwa Kiingereza, hata mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Hakupata kurudi kwao mpaka mwaka 1984, akamkuta baba yake yu hai, naye akafariki muda mfupi baadaye.

Mimi elimu yangu ni ya chuoni na ya skuli ya msingi tu, na Kiingereza cha vitabu hakinifikii. Lakini kitabu chake kimoja, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, kimefasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la *Peponi*, nami nimekisoma usiku baada ya wanafunzi kuondoka. Ni khabari za mtoto aitwaye Yusuf, aliyetolewa na babaake kwa tajiri kuwa rehani ya deni. Aliyesomesha Sura ya Yusuf miaka mingi kama mimi hawezi kulisoma jina hilo asikumbuke kisima, na msafara, na mtoto anayekuzwa katika nyumba isiyokuwa yao.

Vitabu vingine nilisimuliwa na ndugu yangu, tukikaa barazani kwa kahawa chungu. Kuna mzee wa Unguja afikaye uwanja wa ndege wa Uingereza kwa pasipoti yenye jina la mtu mwingine, naye mkobani amechukua kikasha cha udi. Afisa wa uhamiaji anakichukua kikasha kile. Ndugu wasomaji, nyinyi mnaofukiza udi majumbani mwenu mtafahamu kwamba mzee yule hakunyang'anywa kitu cha thamani ya fedha tu; alinyang'anywa harufu ya nyumba yake.

Na kuna kitabu kingine, cha mtu aliyeoa kwa moyo huko Uingereza bila ya ndoa, akazaa binti, wala asiwaambie kwao. Na wale wazungu wakwe zake akiwasimulia khabari za kwao, huwatungia uongo. Basi huku anadanganya na kule anadanganya, hata ikawa hapana mahali anapojulikana kwa kweli.

Ndugu yangu alipofika hapo akanyamaza, kisha akasema, "Kaka, mtu yule ni mimi. Barua nilizokuwa nikikuleteeni za nyumba nzuri na kazi nzuri, nilikuwa nikiziandika chumba cha baridi, nami naosha vyombo vya watu."

Nikaona haya, kwani mimi pia nina langu. Mama yetu aliugua miezi saba, nami kila barua nilimwandikia kijana huyu kwamba mama hajambo anakusalimu. Nilijiambia kuwa namwonea huruma, asije akaacha kazi. Hakika ni kwamba niliogopa asipoleta fedha. Alipokuja, alilikuta kaburi. Gurnah alimuwahi babaake. Ndugu yangu mimi ndiye niliyemzuia asimuwahi mamaake. Nikamwambia hayo yote palepale, nikamwomba radhi.

Akatazama bahari kwa kitambo. Kisha akajibu, "Nilijua, kaka. Jirani aliniambia siku ya pili. Nilikuwa nakungoja uniambie wewe."

Niliwahi kudhani swali la watu hawa ni la ardhi: je, kwao ni Unguja au Uingereza? Wazee wamesema, aendaye tezi na omo hurejea ngamani. Lakini ndugu yangu ana wanawe kule, na akija kwetu husema anakwenda nyumbani, na akirudi kule husema vilevile, wala hadanganyi mara zote mbili. Sasa naona kwamba mtu kwao ni pale anapoweza kuambiwa kweli na kuisema. Sisi tuliobaki tulikuwa na wajibu wa kumwekea mahali hapo, nasi hatukumwekea.

Basi mwenye mtoto au ndugu ng'ambo, asimwulize ameleta nini kabla ya kumwuliza amelala wapi. Na nyumbani kukiwa na maradhi, ampe khabari angali anaweza kupanda ndege.

Siku ya kuagana nilimtia mkobani udi kidogo katika kitambaa cha mama. Ameniandikia kwamba umefika.