Tusikilize mbele ya kukataza

Kijana wangu alileta muziki mupya mu telefone: magitaa makali, ngoma kama mashine ya kuvunja majiwe. Nikasema: «Zima ile kitu!» Akajibu kwa heshima: «Baba, ulishasikiliza wimbo moja mpaka mwisho?» Nikanyamaza.

Nilikumbuka marehemu baba, aliyetumika migodini. Alipenda «Masanga» ya Jean-Bosco Mwenda, ambayo Hugh Tracey aliirekodi Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952: gitaa moja, kidole gumba na cha shahada tu. Babu alimukataza: «Ni muziki wa walevi.» Leo wapiga gitaa wa Ulaya wanajifunza wimbo huo.

Basi tuliketi, tukasikiliza yote. Nyingi sikuzipenda. Lakini moja, kijana alinielezea, ni kilio cha mutu aliyefiwa na rafiki. Sikujua kama naye alikuwa anamulilia rafiki yake.

Bazazi, tusikilize kwanza, njo tuongee na batoto.