Safari ya Kuionja Italia

Sisi walimu wachache wa Temeke twatamani kuiona Italia: vyakula vyake, divai yake na desturi za watu wake. Tulipohesabu nauli, tuliona akiba yetu sote haimtoshi hata mmoja. Ndipo tukakumbuka ya kuwa Italia ilikwisha kuja kwetu: mapadre Waitalia walipanda mizabibu Bihawana, karibu na Dodoma, na leo wakulima wa huko huvuna mara mbili kwa mwaka, hali Italia huvuna mara moja tu.

Basi tumeazimu kwenda kwa treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024, mwendo wa kama saa nne. Tutachukua tambi. Sisi twazila kwa sukari na tui, Waitalia kwa nyanya na jibini. Tutazipika kwa namna zote mbili.

Na divai je? Wengine waliipinga, wakihofu ulevi. Tumepatana hivi: asiyekunywa asishurutishwe, wala anywaye asizidishe kikombe kimoja. Lakini kila mtu atanunua zabibu mkononi mwa mkulima, kwa maana yako mavuno yaozayo kwa kukosa mnunuzi. Mche ulitoka ugenini. Jasho la kuutunza ni la ndugu zetu. Atakaye kuijua divai, na aanze kwa kumsikiliza alimaye.