Kejeli Haimpunguzii Mtoto Uzito

Kuna jina ambalo nimelipiga marufuku nyumbani kwangu. Jina hilo ni "Bonge", na aliyelianzisha ni mimi mwenyewe.

Binti wa dada yangu alikuja kuishi nasi mtaani Umoja, Nairobi, mwaka wa 2023 alipoingia kidato cha kwanza. Alikuwa msichana mnene, mcheshi, wa miaka 14. Nilidhani utani ungemtia ari ya kujiangalia. Akinyoosha mkono mezani, nami humtupia neno: "Bonge, hiyo ni chapati ya ngapi?" Sote tulicheka, naye akacheka. Kicheko chake kikaniridhisha kwamba hakuna aliyeumia.

Muhula wa pili, Jumatatu moja, mwalimu alinipigia simu. Msichana alikuwa amezirai kwenye gwaride la asubuhi. Tangu Jumamosi jioni hakuwa ametia kitu tumboni ila chai ya rangi. Pesa zake za chakula cha mchana nilizipata nyumbani, zimefichwa ndani ya soksi. Nilipomuuliza sababu, aliinamisha kichwa.

"Anti, nilitaka tu uache kuniita hivyo."

Ninakiri, msomaji, usiku huo sikupata usingizi.

Baadaye nilianza kuitazama siku yake kwa macho yake. Likizo ikifika huenda Machakos kwa nyanyake, ambaye humsifu kwamba amenawiri. Akikonda kidogo, mimi huulizwa kama mjini hatumlishi. Darasani wenzake humcheka. Kwenye simu anaonyeshwa wasichana wembamba kama sindano, eti hao ndio warembo. Mtoto mmoja, mahakama tatu, na kila moja ina hukumu yake! Amsikilize nani?

Kisha nikautazama mtaa. Kutoka kituo cha matatu hadi mlangoni kwetu nilihesabu wachuuzi tisa wa chipsi, mandazi, soseji na bhajia. Wa matunda walikuwa wawili, nao hufunga mapema. Uwanja ambapo mimi na wenzangu tulicheza kati na bladaa hadi tukaitwa kuoga, leo ni maegesho ya magari. Shuleni, kipindi cha michezo mara nyingi hugeuzwa kuwa cha hesabu. Binti huondoka saa kumi na mbili kasorobo alfajiri na kurejea giza likiingia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate mazoezi ya wastani wa dakika 60 kila siku. Dakika hizo huyu wangu angezipatia wapi? Shirika hilo hilo linasema kuwa mwaka wa 2022, watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wa miaka 5 hadi 19 duniani walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Je, wote hao ni walafi na wavivu? La hasha!

Lakini nyani haoni kundule. Soda zilizojaa kwenye friji zilikuwa zangu. Aliyepanda matatu kwenda kituo kimoja tu alikuwa mimi. Mtoto husikia tunayosema, ila hufuata tunayotenda.

Tulikwenda zahanati. Muuguzi alitueleza kwamba mtoto anayekua hapaswi kujinyima chakula. Mara nyingi inatosha uzito usipande mbio huku kimo kikiendelea kuongezeka. Basi soda zikaondoka, na ziliondoka kwa kila mtu, si kwa binti peke yake. Mahali pake pakaja ndizi na machungwa. Jumamosi asubuhi yeye nami huenda sokoni kwa miguu, na njiani hunisimulia mambo ambayo hangenieleza tukiwa tumeketi mbele ya televisheni.

Jambo lililonishangaza zaidi halikutoka kwangu. Msichana wa jirani alimwalika kuruka kamba uani. Wiki iliyofuata walikuwa watatu, kisha watano. Rafiki mmoja alifanya kile ambacho mahubiri yangu ya miezi mingi yalishindwa kufanya.

Amepungua? Mizani tumewaachia watu wa zahanati. Ninalolijua ni kwamba sasa hula chajio pamoja nasi bila kunitazama kwanza usoni.

Mzazi mwenzangu, kabla hujamwambia mwanao apunguze uzito, jiulize umempa uwanja gani, chakula gani, na neno gani. Nawe mwanafunzi, ukimwona mwenzako ameketi pembeni wakati wa michezo, usimcheke. Mpe upande mmoja wa kamba.