Mwenye Kofia

Msomaji, nalipokuwa mtoto huko Nyamira nalifuatana na baba yangu barazani kwa shauri la mpaka wa shamba. Aliyelikata shauri lile hakuwa mfalme wala gavana. Alikuwa mtumishi tu, mwenye kofia ya serikali. Baba alirudi nyumbani amepungukiwa na shamba, wala njiani hakusema neno. Tangu siku ile nimekuwa nikiwachungua watu watumiao nguvu isiyo yao.

Baadaye nalisoma habari za Rekhmire, waziri wa Farao Thutmose wa Tatu, aliyeishi Misri zaidi ya miaka 3,400 iliyopita. Katika kuta za kaburi lake, ng'ambo ya Nile karibu na Luxor, zimechorwa kazi zake: kupokea kodi, kusikiliza mashtaka, kukagua mafundi wa hekalu, na kupokea tunu za mataifa, hata twiga kutoka Nubia. Mambo yote ya nchi yalipita mkononi mwake kabla ya kumfikia mfalme. Lakini imeandikwa humo pia kwamba siku ya kumtawaza, Farao alimwonya kuwa kazi ile ni chungu.

Uchungu huo, msomaji, twaujua hata huku kwetu. Simeon Nyachae alizaliwa Kisii mwaka 1932, mwana wa Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari. Alianza kwa ukarani, akawa mkuu wa mkoa, na mwaka 1984 Rais Moi akamweka juu ya watumishi wote wa serikali. Simwiti malaika, alikuwa mkali, na wengi walimwogopa. Mwaka 1998, akiwa Waziri wa Fedha, alitangaza waziwazi kwamba hazina ya serikali imekauka. Mwezi wa Februari 1999 akahamishiwa wizara ya viwanda. Akakataa, akajiuzulu.

Habari hiyo tuliisikia redioni, mimi na baba, naye alikuwa mzee sana. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, amevuliwa kofia, au ameivua mwenyewe?"

Nikamjibu kwamba ameivua mwenyewe.

Mzee akatikisa kichwa, akaniambia, "Wa kwetu hakuivua." Ndiyo mara ya kwanza nalimsikia akilitaja shauri la shamba lile.