Kumbe mwenye mbio ni mpira!

Sikufichi msomaji wangu, mimi nilijiona kocha wa maana. Tangu nimalize kidato cha nne sina ajira ya kueleweka, basi jioni nawafundisha kabumbu madogo wa mtaani kwetu Mbagala. Uwanja mchanga mtupu, koni zetu ndala.

Sera yangu ilikuwa moja tu: mpira ukinaswa, kimbia! Winga wetu wa kulia, dogo wa miaka 13, ana mbio kama swala. Lakini tulipocheza na mtaa wa jirani tukala 3–0. Kila akipewa gozi, linamponyoka, au anageukia nyuma kulituliza, na mabeki washajipanga zamani. Kwa hasira nikamfokea mbele za watu: "Wewe miguu unayo, kichwa huna!" Watu wakaangua kicheko. Dogo akavua jezi, akaiweka chini taratibu, akaondoka. Wiki mbili hakuonekana.

Usiku mmoja mshkaji akanionyesha kwenye simu goli la Ubelgiji dhidi ya Japani, Kombe la Dunia 2018 kule Urusi. Nilishaliona, ila safari hii nilikuwa na deni moyoni. Ngoma 2–2, dakika za majeruhi, Japani wanapiga kona. Kipa Courtois anadaka, anamviringishia De Bruyne, naye anaukokota kwa kasi katikati ya uwanja. Anamwachia Meunier kulia, krosi ya chini, Lukaku anaupisha makusudi, Chadli anamalizia. Mchezo kwisha! Kuanzia kipa alipouachia, ni kama sekunde 10 tu.

Nikalirudia mara sita. Hakuna chenga hata moja pale! Lukaku hakuugusa kabisa mpira, lakini mbio zake zilimvuta beki, Meunier akapata njia.

Hapo ndipo aibu ikanishika. Dogo hakukosa kichwa. Mimi ndiye nilimwambia akimbie, sikumfundisha asimame vipi kabla mpira haujafika.

Kesho yake nikaenda kwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umemfuata yule asiye na kichwa?"

Kumbe habari zilishafika! Nikamwomba radhi mama, kisha dogo mwenyewe. Jamani, mkubwa kumwomba radhi mtoto si mchezo, ulimi unakuwa mzito kama gunia la mkaa. Dogo alitazama chini tu. Lakini Jumatatu nikamkuta uwanjani kabla yangu, anapanga ndala.

Sasa zoezi letu ni hili. Wanne wanashambulia, wawili wanazuia. Kabla mpira haujakufikia, chungulia nyuma ya bega. Upokee ukiwa umesimama ubavu, umwone anayekupasia na goli pia. Mguso wa kwanza uusukume mbele, wa pili uwe pasi. Usiye na mpira nawe kimbia, mtoe beki njiani. Mimi nahesabu kwa sauti. Nikifika kumi hamjapiga shuti, mpira unakwenda kwa wenzenu. Siku ya kwanza nilifika kumi kila mara, hadi koo likakauka. Wiki ya tatu nikaanza kukatishwa kwenye nane.

Jumapili iliyopita tukarudiana na wale jamaa. Tumefungwa tena, 2–1, sitaki kukudanganya. Lakini hilo moja letu! Kona yao, kipa wetu akadaka, akarusha kulia. Dogo alikuwa ameshasimama ubavu. Mguso mmoja mbele, beki kapitwa, pasi chini kwa chini, straika wetu nyavuni. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, nikaishia tisa.

Wenzake walimrukia, mimi nikabaki pembeni nikijifanya nafunga kamba za viatu. Akirudi katikati, akapita karibu yangu.

"Kocha," akasema bila kunitazama, "leo nimekuja nacho kichwa."