Paka wa Mfereji na Saa ya Daku

Bismillahi Rahmani Rahim.



Hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka wengi wetu tumeisikia tangu tukiwa chuoni. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Lakini tunapowasimulia watoto huwa tunaifupisha: alimtesa paka, akaadhibiwa, basi. Ukiisoma sawasawa utaona kosa lake limeelezwa kwa undani zaidi. Alimfungia. Kisha hakumpa chakula wala maji, na hakumwacha atoke ajitafutie wadudu wa ardhini. Maana yake ni kwamba paka aliye huru ana njia zake za kupata riziki, ila siku unapomtia ndani ukafunga mlango, riziki yake imehamia mikononi mwako. Jambo hili nililielewa vizuri katika Ramadhani ya mwaka 2024, hapa kwetu Buyenzi, Bujumbura.

Machi kwetu ni mwezi wa mvua, na mwaka ule mvua ilizidi. Ziwa Tanganyika lilipanda, na watu wa Gatumba wakafukuzwa na maji majumbani mwao. Katika wiki ya kwanza ya mfungo, mwanangu wa miaka kumi aliingia mbio baada ya Adhuhuri akasema kuna watoto wa paka wanalia ndani ya mfereji nyuma ya gereji.

Nilikwenda naye. Walikuwa wawili, macho yao yamefunguka si muda mrefu, bado ya rangi ya buluu, masikio yamelala. Mtoto alitaka kuwabeba palepale. Nikamzuia, naye akalia kweli. Lakini paka mama huweza kwenda kuwinda kwa masaa, au huwa anawahamisha wanawe mmoja mmoja, na ukiwachukua haraka umewanyang'anya mama yao bila sababu. Tuliwatoa kwenye maji, tukawaweka juu ya ubao mkavu pamoja na kitambaa, tukajitenga mbali. (Wengi wanadhani paka akinusa harufu ya mkono wa mtu humkataa mwanawe. Si kweli.) Ilipokaribia Maghrib mama hakuonekana, na mawingu yalikuwa yameshafunga. Fundi mmoja wa gereji akatuambia kwamba jana yake aliona paka jike amegongwa na pikipiki pale njia kuu. Hapo ndipo tukawachukua.

Daktari wa mifugo tunayemfahamu kazi yake kubwa ni ng'ombe na mbuzi. Petroli siku zile ilikuwa ya kutafutwa, hakuweza kuja, kwa hiyo alitufundisha kwa simu huku futari inapoa mezani. Namshukuru mpaka leo kwa uvumilivu wake.

Alisema kwanza joto, chakula baadaye. Mtoto wa paka wa wiki mbili hawezi kujipasha joto mwenyewe, na ukimnywesha hali mwili wake ni baridi, tumbo halifanyi kazi, anaweza kufa kwa maziwa uliyompa kwa huruma. Tukatia maji ya moto kwenye chupa, tukaizungushia khanga, tukaiweka upande mmoja wa katoni ili wakihisi joto limezidi waweze kusogea upande wa pili.

Pili, maziwa ya ng'ombe hapana. Jirani yangu alikuwa ameshaleta kikombe kizima, Allah amlipe nia yake, lakini maziwa hayo huwaharisha, na mwili mdogo kama ule hukaukiwa na maji haraka. Maziwa ya unga ya paka hatukuyapata mjini. Tuliletewa na jamaa aliyetoka Dar es Salaam wiki iliyofuata. Kwa siku zile za mwanzo daktari aliturahisishia: maziwa ya kopo yasiyo na sukari, yaliyozimuliwa kwa maji yaliyochemshwa, na kiini cha yai kidogo. Tuliwanywesha tone kwa tone kwa bomba la sindano lisilo na sindano, wamelala kifudifudi kama wanavyonyonya kwa mama yao. Ukimlaza paka chali kama mtoto wa binadamu, maziwa huingia mapafuni.

La tatu lilimchekesha mume wangu. Katika umri huo paka hawezi kukojoa peke yake. Mama yake humlamba, na asipokuwepo mama, mtu anachukua pamba yenye maji ya vuguvugu na kumpangusa taratibu baada ya kila mlo. Alicheka, kisha kazi hiyo ikawa yake.

Walikuwa wanakula kila baada ya masaa matatu, usiku na mchana. Baada ya Tarawehe, saa tatu, alikuwa mwanangu mdogo. Saa sita ni dada yake wa miaka kumi na sita. Saa tisa ni mimi. Nikimaliza kuwanywesha wawili na kuwapangusa, imebaki nusu saa tu kabla ya kupika daku, hailaliki. Basi natia udhu nasali rakaa mbili, nne, mpaka jiko linaniita. Binti yangu akasema mwaka huu saa yetu ya kuamshia ina manyoya.

Kila asubuhi tuliwapima kwenye mizani ya muuza duka wa jirani, baada ya kutandika karatasi. Mkubwa alianza na gramu 210, mdogo 160. Mtoto wa paka mwenye afya huongeza kama gramu 10 kwa siku au zaidi. Mkubwa aliongeza. Mdogo siku ya pili alisimama palepale, siku ya tatu akapungua, na usiku wa nne, zamu ya saa tisa, nilimkuta ameshalegea. Nilimshika kifuani mpaka akatulia. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Baada ya Alfajiri mwanangu alimchimbia shimo chini ya mwembe uani. Hakulia kama siku ile ya mfereji. Aliuliza tu, "Mama, tutaulizwa kwa ajili ya huyu?" Nilimjibu kwamba joto alipata, na maziwa alipewa kila saa yake. Akafikiri, akasema, "Na tulimngoja mama yake kwanza." Nikamwambia ndiyo, na hilo pia.

Wakati huohuo kulikuwa na mvutano ndani ya nyumba. Wifi yangu alikuwa kwetu na ujauzito wa miezi mitano, na wanawake mtaani walishamtisha kwamba paka huharibu mimba. Sikutaka kumpuuza, maana jambo lenyewe lina asili yake. Kuna kijidudu kinachoitwa toksoplasma, ambacho paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi, na akishaambukizwa hukitoa katika kinyesi kwa muda wa siku kadhaa. Kikimpata mama mjamzito kwa mara ya kwanza kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini kinyesi hicho huhitaji angalau siku moja kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo mchanga wa paka husafishwa kila siku, na si na mjamzito. Tena nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa huleta ugonjwa uleule hata kwenye nyumba isiyo na paka. Wifi alimsikiliza mkunga wake akimweleza hayohayo, akaridhika, kwa sharti kwamba katoni isiingie jikoni. Sharti zuri. Alijifungua salama mwezi wa Julai, alhamdulillah.

Swali jingine lililotujia mara kwa mara ni la twahara. Imepokewa kwamba Abu Qatada alikuwa akitiliwa maji ya udhu na mke wa mwanawe, Kabsha, akaja paka, naye Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Alipoona mkwewe anashangaa, akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, kwani ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Mkojo na kinyesi chake ni najisi, hivyo huoshwa. Nywele chache zilizobaki kwenye kanzu, wanazuoni wa Kishafi wamesema husamehewa, hasa kwa anayeishi naye.

Siku ya Idi, tarehe 10 Aprili, yule aliyebaki alikuwa anatembea kwa kuyumba na kujaribu kula. Tulimpa ndagala wa ziwani, waliochemshwa bila chumvi na kupondwa laini. Alikula huku ananguruma kama simba, watoto wakasahau hata kaimati. Dawa ya minyoo alipewa na daktari, na alipofikisha miezi mitatu akachanjwa kichaa cha mbwa. Hili la chanjo naomba wazazi mlishike. Mtoto akiumwa na paka au mbwa asiyejulikana, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Ugonjwa ule ukishaonyesha dalili hauna tiba. Na msimpe paka parasetamoli ya watu, humuua.

Ilikuwa jike. Paka jike anaweza kushika mimba kabla hata ya kutimiza miezi sita, na akabeba kwa miezi miwili tu. Mtaani kwetu, na naandika hili kwa uchungu, paka akizaa watoto hutiwa kwenye mfuko wakatupwa sokoni usiku, na watu haohao asubuhi wako safu ya kwanza msikitini. Tulimuuliza shekhe wetu kuhusu kumfunga uzazi. Akasema wanazuoni wametofautiana, na wanaoruhusu wameweka sharti la kuwepo haja na asidhurike. Tukaona haja ipo. Daktari alimfanyia kwa dawa ya usingizi, na baada ya siku kumi alikuwa anapanda mwembe.

Usiku dirisha la stoo huwa hatulifungi. Hutoka baada ya Isha akaenda zake, hatujui wapi. Hurudi yapata saa tisa, akakaa mlangoni kwa binti yangu na kulia mpaka afunguliwe.