Gari Lililoegeshwa Bado Linatumia Nguvu



Desemba hii wengi wenu mtapanda basi mwende ushago, na gari litabaki kwa ploti wiki tatu au nne. Ukirudi unageuza ufunguo: tik, tik, kimya. Unauliza, "Nani aliacha taa?" Hakuna. Gari likizimwa, alamu hukesha, saa huhesabu, kompyuta hutunza kumbukumbu. Kila kimoja hula kidogo sana, na hakuna kinachorudisha, maana altaneta huchaji injini ikizunguka tu.

Mpendwa, hivyo ndivyo tunavyopoa. Wasiwasi wa karo unakula kidogo. Deni linakula kidogo. Uchungu ambao hujamwambia mtu unakula kidogo. Nje rangi bado inang'aa, na kanisani bado tunaitikia Amina.

Kwa gari, fanya hivi. Chukua spana namba 10, ufungue waya wa betri wenye alama ya kutoa. Huo hutoka kwanza, na ukirudi huwa wa mwisho kufungwa. Redio nyingine zitakuomba namba ya siri, kwa hivyo iandike mapema. Ukimwachia ndugu ufunguo, mwambie aliendeshe kama nusu saa kila wiki. Kuliwasha dakika tano na kulizima hakusaidii sana, kwa sababu kule kuwasha kwenyewe kumekula nguvu nyingi.

Wako wanaoomba hivyo pia: dakika tano za Jumapili, halafu kimya wiki nzima. Katika Walawi sura ya 6, kuhani aliagizwa kuongeza kuni madhabahuni kila asubuhi. Moto ulikuwa wa Mungu, lakini kuni zililetwa na mtu.

Tena sikia hili. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Ikikaa tupu muda mrefu, sahani zake hushikwa na chembe ngumu, na hata ukiichaji haishiki tena kama zamani. Mungu wetu hufufua hata kilichokufa, lakini moyo unaoahirisha huzidi kuwa mgumu. Usiseme, "Nitaanza kuomba Januari." Mtoto akishikwa na homa saa nane usiku, huo si wakati wa kutafuta chaja.

Na kama umeshazima, usijifiche. Mpigie ndugu aje na waya, aunganishe betri yake na yako. Lakini ukishawaka, usizime hapo hapo. Endesha! Maombi ya mwenzako yatakuwasha. Kutembea na Mungu kila siku ndiko kutakakokujaza.

Baba, mguse anayesoma haya akiwa amepoa na hakuna anayejua. Mwashe tena leo, umpe kiu ya kukutafuta kesho asubuhi. Katika jina la Yesu, Amina.

Mtumie ujumbe huu mwenzako anayesafiri. Mbarikiwe.